Matthew Flinders na Paka Wake Trim

Na mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Kwetu Kilwa Kivinje ni nadra kuona nyumba isiyo na paka. Wazee husema kuwa paka wa nyumba haingwi, nami nimekua nikiyaona maneno hayo kuwa ya kweli, maana paka wetu alilala popote alipopenda, hata juu ya mswala wa bibi yangu, wala hakuna aliyemfukuza. Jina lake lilikuwa Nahodha. Alikuwa mweusi, na mkia wake ulipinda nchani kwa sababu ya mlango uliombana utotoni. Tulimpa jina hilo kwa kuwa kila alfajiri alitoka kwa dirisha la jikoni, akashuka pwani kungojea ngalawa ziingie. Jua likipanda alirudi na harufu ya samaki, na mara nyingine na sikio lililochanika kwa vita vya usiku.

Mwaka jana, nilipomaliza Kidato cha Tatu na kurudi nyumbani likizo ya Desemba, niliambiwa kuwa Nahodha hajaonekana kwa muda wa majuma matatu. Niliyoyatenda kwa hasira yangu nitayaeleza mwishoni, maana si mambo ya kujivunia. Kwanza nataka kuwasimulia maisha ya mtu mmoja mashuhuri, aliyekufa zaidi ya miaka 200 iliyopita, ambaye naye alipotewa na paka wake mweusi, tena katika bahari hii hii yetu ya Hindi. Nilikutana na habari zake muhula uliopita, tulipokuwa tukisoma ramani ya Australia katika somo la Jiografia, nami tangu siku ile sikuweza kuziacha.

Mtu huyo ni Matthew Flinders. Alizaliwa tarehe 16 Machi, 1774, katika kijiji cha Donington, katika jimbo la Lincolnshire nchini Uingereza. Baba yake alikuwa tabibu, na nia yake ilikuwa kumfundisha mwanawe kazi hiyo hiyo ili amrithi. Lakini kijana alisoma kitabu cha Robinson Crusoe, na tangu hapo hakutaka kusikia habari za dawa na vidonda, alitaka bahari. Baba alikataa, mtoto akashika lake. Akajifundisha mwenyewe hesabu na elimu ya safari za baharini, na katika mwaka wa 1789, akiwa na miaka 15, akaingia katika jeshi la majini.

Alipokuwa na umri wa miaka 17, yaani umri wangu mimi ninayeandika haya, aliondoka kwenda Tahiti, katika Bahari ya Pasifiki, pamoja na Kapteni William Bligh. Kazi ya safari ile ilikuwa kuchukua miche ya mishelisheli na kuipeleka visiwa vya Karibi. Sisi watu wa pwani twalijua shelisheli, na tunalipenda likichomwa au likipikwa kwa nazi. Lakini miche ile haikuchukuliwa kwa mapenzi. Ilichukuliwa ili wenye mashamba ya miwa wapate chakula rahisi cha kuwalisha watumwa wao. Nawaomba wasomaji wayaweke maneno haya akilini, kwa kuwa tutarudi kwenye habari za watumwa na njaa.

Mwaka wa 1795 Flinders alifika Sydney katika merikebu iliyoitwa Reliance. Katika safari hiyo alifanya urafiki na daktari wa merikebu, George Bass, kijana mwenye moyo kama wake. Wawili hao, pamoja na mtoto mmoja mtumishi, walichukua kimashua kidogo mno, chenye urefu wa mita mbili na nusu hivi, wakatoka nacho baharini kuichungulia pwani isiyojulikana na Wazungu. Miaka mitatu baadaye, kuanzia Oktoba 1798 hadi Januari 1799, waliizunguka nchi ya Tasmania kwa chombo kiitwacho Norfolk, wakathibitisha kuwa ni kisiwa. Kabla ya hapo watu walidhani kuwa imeshikana na bara. Mlango wa bahari uliopo kati ya Tasmania na Australia unaitwa Bass hata leo, kwa kuwa Flinders aliomba upewe jina la rafiki yake.

Sasa nifike kwa Trim. Paka huyu alizaliwa baharini, ndani ya merikebu ile ya Reliance, mwishoni mwa miaka ya 1790, ilipokuwa ikirudi Australia kutoka Rasi ya Tumaini Jema. Hakuzaliwa katika ardhi ya nchi yo yote; kwao kulikuwa ni Bahari ya Hindi. Alikuwa mweusi, ila nyayo zake nne zilikuwa nyeupe kana kwamba alikanyaga unga, na alikuwa na weupe kidogo chini ya mdomo na doa jeupe kifuani mfano wa nyota. Flinders alimpa jina la Trim kutokana na mtumishi mwaminifu anayesimuliwa katika kitabu kimoja cha hadithi cha Kiingereza.

Alipokuwa mdogo, akicheza juu ya sitaha usiku, aliteleza akaanguka baharini. Paka wengine wangekufa. Trim aliogelea akaifuata merikebu, na alipotupiwa kamba aliishika kwa kucha akapanda nayo mpaka juu. Tangu siku ile hakuogopa maji, na mabaharia wakamheshimu kama mwenzao. Walimfundisha kuruka juu ya mikono yao, na kulala chali akanyosha miguu yote minne mpaka apewe ruhusa ya kuinuka. Mabaharia walipoamriwa kupanda mlingoti kukunja tanga, Trim alipanda pamoja nao, naye huwatangulia kufika.

Wakati wa chakula cha maofisa, Trim alikuwa wa kwanza kufika mezani. Hakunyakua ovyo. Alikaa kwa adabu mpaka wote wamekwisha kupakuliwa, kisha akaomba kwa sauti ndogo, akimpitia mmoja baada ya mmoja, kila mtu ampe kipande kidogo. Lakini ikiwa mtu amejisahau kwa mazungumzo, na uma wenye nyama umesimama hewani kati ya sahani na kinywa, Trim aliinyofoa nyama ile upesi na kwa upole, hata mwenyewe asijue aghadhibike au acheke. Flinders alipopima nyota na jua ili kujua mahali walipo, Trim alikaa karibu na saa ya baharini, akiutazama mshale wake unavyokwenda na kuunyoshea mkono, kana kwamba yeye pia anashiriki katika hesabu.

Mwaka wa 1800 Reliance ilirudi Uingereza kwa njia ya Rasi ya Horn na kisiwa cha Saint Helena, na Trim alikuwamo. Huko Flinders alipewa cheo na merikebu yake mwenyewe, iitwayo Investigator, ili aende kuichora pwani yote ya Australia. Alikuwa na miaka 26 tu. Tarehe 17 Aprili, 1801, alimwoa Ann Chappelle, akakusudia kwenda naye. Wakubwa wa jeshi la majini walipopata habari wakakataa kabisa mke asafiri. Basi tarehe 18 Julai, 1801, miezi mitatu baada ya harusi, Flinders alitweka matanga, mke akabaki nyumbani, na paka akaenda. Hakuna aliyejua wakati ule kuwa Ann atamngoja mumewe zaidi ya miaka tisa.

Desemba 1801 waliiona ncha ya kusini-magharibi ya Australia, wakaanza kazi. Kazi yenyewe haikuwa ya mchezo. Ilitakiwa merikebu iende karibu na nchi kavu kadiri iwezekanavyo, ili kila rasi, kila ghuba na kila mwamba upimwe kwa dira. Usiku Flinders alichora aliyoyapima mchana, na asubuhi alirudi mahali pale pale alipoachia jana, asiache hata kipande. Ramani zake zilikuwa sahihi hata mabaharia wakaendelea kuzitumia kwa zaidi ya miaka 100.

Julai 1802 waliondoka Sydney kuizunguka nchi yote. Safari hii alikuwamo mtu mmoja mwenyeji wa Australia, jina lake Bungaree. Alikuwa mtu mwenye busara, na mara nyingi walipofika mahali penye wenyeji wenye silaha na mashaka, yeye ndiye aliyeshuka kwanza, bila silaha, kwenda kufanya suluhu, ijapokuwa lugha za huko zilikuwa mbali na lugha yake. Trim na Bungaree walikuwa marafiki wakubwa. Trim akiona kiu humwendea Bungaree, akalia, kisha akarukia pipa la maji ili afunguliwe. Akiona njaa humwita amfuate chini panapowekwa chakula. Bungaree alikuwa mwenyeji wa kwanza wa Australia ambaye yajulikana kuwa aliizunguka nchi yake yote kwa bahari, na yafaa jina lake litajwe kila linapotajwa jina la Flinders.

Huko kaskazini, katika Ghuba ya Carpentaria, mafundi seremala waliikagua merikebu wakakuta mbao zake nyingi zimeoza. Wakatoa hesabu kuwa haitadumu zaidi ya miezi sita, tena kama bahari itakuwa shwari. Dhoruba ikija, itazama. Flinders aliendelea na upimaji kadiri alivyoweza, kisha akakimbilia kisiwa cha Timor kutafuta chakula, maana mabaharia walikuwa na kiseyeye. Waliondoka huko na ugonjwa wa kuhara damu, uliowaua watu kadha. Tarehe 9 Juni, 1803, Investigator iliingia Sydney ikiwa mbovu isiyotengenezeka. Lakini Australia ilikwisha kuzungukwa, na ikajulikana yakini kuwa ni nchi moja kubwa wala si mbili zilizotengwa na bahari kama wengine walivyodhani.

Kwa kuwa merikebu yake ilikufa, Flinders alipanda nyingine kama abiria, iitwayo Porpoise, ili arudi kwao akaombe chombo kipya. Trim alikuwa pamoja naye. Usiku wa tarehe 17 Agosti, 1803, Porpoise iligonga mwamba wa matumbawe katikati ya bahari, na merikebu ya pili iliyofuatana nayo ikagonga pia. Ya tatu ikaendelea na safari yake, ikawaacha. Alfajiri ilipopambazuka, waliosalimika walijikuta karibu na fungu la mchanga, dogo na tupu, lisilo na mti wala kisima. Wakateremsha mapipa ya maji na vyakula, wakapiga mahema kwa matanga. Trim naye alitoka salama, akakaa pale mchangani na mabaharia, akiwachangamsha kwa michezo yake.

Flinders hakukaa akalia. Tarehe 26 Agosti aliingia katika mashua ya wazi pamoja na wenzake 13, wakaenda zaidi ya kilomita 1,000 mpaka Sydney kuomba msaada. Walifika tarehe 8 Septemba, na tarehe 7 Oktoba Flinders alirudi penye lile fungu la mchanga na vyombo vitatu. Wote aliowaacha wakaokolewa.

Hapo ndipo alipofanya uamuzi uliomharibia maisha. Kwa haraka yake ya kufika Uingereza na ramani zake, alichukua chombo kidogo kuliko vyote, kiitwacho Cumberland, chenye tani 29, akakusudia kuivuka nacho Bahari ya Hindi. Kilivuja mno hata wakapiga pampu usiku na mchana. Mwezi wa Desemba 1803 ikambidi aingie kisiwa cha Morisi kuomba msaada. Wakati ule kisiwa hicho kilikuwa cha Wafaransa, nacho kiliitwa Ile de France. Alikuwa na hati ya Serikali ya Ufaransa iliyomruhusu kupita salama kwa ajili ya kazi ya elimu. Lakini vita kati ya Uingereza na Ufaransa vilikuwa vimeanza tena mwezi wa Mei, naye hakuwa na habari. Tena hati ile ilitaja merikebu ya Investigator, wala si Cumberland.

Gavana wa kisiwa, Jenerali Decaen, alimshuku kuwa ni mpelelezi. Flinders naye alikuwa na kiburi. Aliona kuwa ametukanwa, na gavana alipomwalika chakula cha jioni, alikataa kwenda. Wengi husema kuwa chakula kile kilichokataliwa kilimgharimu miaka ya maisha yake. Mimi naamini kuwa wote wawili walikuwa na makosa: mmoja alikuwa na nguvu akaitumia vibaya, na wa pili alikuwa na haki akaidai kwa ukali. Vitabu na ramani zikachukuliwa, na Flinders akawekwa chini ya ulinzi katika nyumba moja mjini Port Louis.

Trim akafungwa pamoja na bwana wake, ila yeye hakuukubali ulinzi. Mara kwa mara aliwaponyoka askari wenye bunduki mlangoni, akaenda mjini kutembea, kisha akarudi apendapo. Nadhani Flinders alifarijika kumwona paka yule akivuka mpaka ambao yeye mwenyewe hakuweza kuuvuka.

Mwaka wa 1804 Flinders alihamishwa akapelekwa katika nyumba nyingine walimowekwa maofisa wafungwa. Bibi mmoja wa Kifaransa akaomba apewe Trim awe mwenzi wa binti yake mdogo. Flinders akakubali kwa kuona kuwa huko paka atakuwa salama zaidi. Hazikupita wiki mbili, Trim akatoweka. Lilitolewa tangazo kuwa atakayemrudisha atapewa zawadi ya dola kumi za Kihispania. Hakurudishwa. Flinders alihuzunika sana, na mwisho akakata shauri moyoni mwake kuwa lazima Trim amekamatwa na mtumwa mweusi mwenye njaa, akapikwa na kuliwa.

Wasomaji wapenzi, nilipofika hapo mara ya kwanza niliumia kana kwamba ni Nahodha wetu, nikamchukia yule mtumwa. Nikamweleza mwalimu wetu wa Historia. Yeye hakunijibu jambo lo lote juu ya paka. Aliniuliza tu kama nilikwisha kujiuliza watumwa wa kisiwa kile walitoka wapi. Nikaenda kutafuta, na jibu likanirudisha kwetu.

Watumwa wengi wa Morisi walitoka Bukini, Msumbiji na pwani yetu hii. Mwaka wa 1776 Mfaransa mmoja, jina lake Morice, alifanya mkataba na Sultani wa Kilwa wa kupewa watumwa 1,000 kila mwaka, wapelekwe katika visiwa vya Wafaransa. Bandari yenyewe ni Kilwa Kisiwani, ambako mimi nimepelekwa mara mbili na darasa kuyatazama magofu. Watu waliteremshwa kutoka bara wakiwa wamefungwa, wakashindiliwa katika merikebu, wakavushwa bahari kwenda kulima mashamba ya watu wengine mpaka wafe. Huenda yule aliyeshukiwa, kama kweli alikuwako, babu yake na babu yangu walichota maji mto mmoja.

Tena kuna jambo la pili. Flinders hakuona kwa macho yake. Hakuna shahidi aliyemwambia, wala mfupa ulioonekana. Alikisia tu. Labda Trim aligongwa na gari la farasi, labda alichukuliwa na mtoto mwingine, labda alikwenda bandarini akapanda merikebu, maana bahari ndiyo iliyokuwa kwao. Lakini shaka ilipotafuta mtu wa kumwangukia, ilimwangukia yule asiye na kitu na asiyeweza kujitetea. Na hata kama ni kweli, je, mtu aliyeibwa kwao na kunyimwa chakula cha kutosha tumhukumu kwa kula paka? Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Trim aliyeomba nyama mezani pa maofisa alishiba kila siku. Mtumwa hakuwa na meza ya kuomba.

Sisemi haya ili kumtweza Flinders. Mateso yake yalikuwa ya kweli. Tangu 1805 aliruhusiwa kukaa shambani, mahali paitwapo Wilhems Plains, na jamaa moja ya Kifaransa ya Bibi D'Arifat, waliomtendea wema mkubwa ijapokuwa nchi zao zilikuwa vitani. Huko alijifunza Kifaransa, akaandika vitabu vyake, na kuendelea kuchunguza jinsi chuma cha merikebu kinavyoipotosha dira. Chuma kinachowekwa karibu na dira za merikebu ili kuzisahihisha huitwa kwa jina lake hata leo. Huko huko, katika mwaka wa 1809, alikaa akaandika habari za Trim tangu kuzaliwa hadi kupotea, kwa mapenzi na kwa mzaha, kama mtu anavyoandika sifa za marehemu. Karatasi zile hazikuchapishwa mpaka miaka ya 1970.

Aliachiliwa mwezi wa Juni 1810, baada ya miaka sita na nusu, akafika Uingereza mwezi wa Oktoba. Alimkuta Ann akimngoja. Mwaka wa 1812 wakapata mtoto mmoja wa kike. Lakini afya ya Flinders ilikwisha kuharibika. Alikuwa na ugonjwa wa figo uliomtesa sana. Alifanya kazi kitandani kumaliza kitabu chake kikubwa cha safari na ramani za Australia. Kitabu kilitolewa tarehe 18 Julai, 1814. Siku ya pili yake, tarehe 19 Julai, akafa, akiwa na miaka 40. Jina la Australia alilolipendelea lilikataliwa na wakubwa alipokuwa hai, likakubaliwa baadaye, na leo ndilo jina la nchi na la bara.

Kaburi lake lilipotea pia, maana makaburi yale ya London yalifunikwa kwa ujenzi wa stesheni ya reli ya Euston. Mwezi wa Januari 2019, wachimbaji walipokuwa wakitayarisha njia mpya ya reli, waliliona jeneza lake likiwa na bamba la risasi lenye jina lake. Tarehe 13 Julai, 2024, akazikwa upya katika kijiji chake cha Donington. Trim hana kaburi, lakini ana sanamu. Moja iko Sydney, juu ya kizingiti cha dirisha la maktaba, nyuma ya sanamu ya bwana wake, nayo iliwekwa mwaka wa 1996. Nyingine iko London, Trim akiwa karibu na Flinders anayepima ramani. Yule mtumwa hana sanamu wala jina. Watumwa wa Morisi walipata uhuru wao mwaka wa 1835.

Sasa niyaseme ya kwangu. Nyuma ya nyumba yetu alikuwa amepanga mzee mmoja mchukuzi wa samaki, mgeni aliyetoka bara, maskini, asiye na jamaa mjini. Wakati fulani alimfukuza Nahodha kwa fimbo kwa kuwa alimwibia samaki aliowaanika. Likizo ile ya Desemba niliposikia kuwa paka hayupo, sikuuliza mtu. Niliwaambia watoto wa mtaani kuwa mzee ndiye aliyemla. Wakampa jina la Mla Paka, wakawa wanaimba mlangoni pake, na siku moja wakatupa mawe juu ya bati lake. Yeye alikuwa akichota maji kisimani kwetu, akaacha kuja. Bibi yangu alinigombeza, nami nikanyamaza tu, na shule ilipofunguliwa nikaondoka.

Habari za Trim zilinikuta shuleni, nami nikaona kuwa nimefanya lile lile alilofanya Flinders, tena mimi vibaya zaidi, maana yeye aliandika katika karatasi zake, mimi nilitangaza njiani. Likizo ya Juni mwaka huu nilipofika nyumbani, nilikwenda kwa mzee siku ya pili yake. Alikuwa amekaa mkekani akisuka tenga. Nilimwamkia shikamoo, nikamweleza kosa langu, nikamwomba radhi. Alinisikiliza bila kuacha kusuka. Nilipomaliza alisogea kidogo, nikakaa, akanipa ukindu niushike upande mmoja. Tulisuka mpaka adhuhuri. Habari za paka hakuzitaja, na mimi sikuzitaja tena. Jioni yake alikuja kisimani kwetu na ndoo yake, na bibi akamkaribisha.

Nahodha hakurudi mpaka leo. Nikiwa bwenini usiku napenda kudhani kuwa alipanda jahazi mojawapo akaenda zake, kwa kuwa paka wa namna yake hawawekeki. Lakini najua kuwa hiyo nayo ni dhana, na sasa nimejifunza kutomlipisha mtu kwa dhana yangu.

Kama nimekosea katika kuandika, naomba walimu na wazazi waniwie radhi. Na mwenzangu atakayepotewa na kitu bwenini, awe ni sabuni au peni, namwomba aulize kwanza kabla ya kutaja jina la mtu.